Ngazi ya Tisa

Maji yalimfika kiunoni, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi hivi kwamba ilimbidi avitazame ndipo ajue kama vimeshika kitu. Alikuwa anatafuta jiwe namba arobaini na moja. Alianza asubuhi, akipapasa chini ya maji jiwe kwa jiwe, akiinua, akigeuza, akirudisha. Buti lake la kushoto lilichanika kisigino tangu mwaka juzi, na kila alipopiga hatua lilikunywa maji na kuyatema. Ofisi ilimwambia mabuti mapya ni ya waajiriwa wa kudumu.

Jina lake halikutumiwa na mtu. Walimwita Rula, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma ule ubao wenye alama uliosimikwa mtoni karibu na daraja, asubuhi na jioni, na kuandika maji yamepanda au yameshuka kiasi gani. Miaka kumi na tisa aliusoma, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kazi ya pili ilikuwa kujaza chupa maji ya mto, kuyaacha yatuame, na kupima tope lililokaa chini. Ya tatu, iliyowavunja watu mbavu, ilikuwa kupaka mawe rangi.

Kila kiangazi kilipoanza alichagua mawe sitini, kila moja kadiri ya kichwa cha mtoto, akayapaka rangi nyekundu, akayaandika namba, akayarudisha mtoni palepale alipoyatoa. Mvua zikipita aliyatafuta, akapima kwa kamba kila moja limesafiri hatua ngapi.

"Rula, namba saba nimelikuta sokoni, linanunua nyanya!" mpita njia mmoja alimtania kutoka darajani.

"Mpe salamu," alijibu. "Mwambie mkewe anamtafuta."

Alicheka nao, maana kucheka hakumpunguzii mtu kitu. Lakini wenye kucheka hawakujua alichokijua yeye. Mto wa mlimani hauteremshi mawe yake kila siku. Unayalaza. Unayaweka nyuma ya makubwa, mwaka hadi mwaka, na mtu anayepita darajani akiona maji meupe yasiyo na tope anasema mto huu ni mpole.

Kuanzia darajani kwenda juu, mto ule ulishuka kwa ngazi. Majabali, mengine makubwa kama kibanda, yaliegemeana bega kwa bega kutoka ukingo huu hadi ule, na nyuma ya kila safu kulilala changarawe na mchanga wa tangu enzi. Maji yaliruka ngazi moja, yakapumzika kwenye dimbwi, yakaruka nyingine. Rula alizihesabu kumi na nne. Kila ngazi ilikuwa na jiwe lake moja au mawili yaliyobana wenzake. Ukiling'oa hilo, wengine hawana wa kuwashika. Kubwa kuliko zote ilikuwa ngazi ya tisa, pale bonde linapojibana. Kilicholala nyuma yake Rula aliwahi kukipima kwa fimbo ya chuma, fimbo ikazama yote na chini hakukuguswa.

Halafu alikuja mkandarasi wa barabara na kibali cha mawe. Mtu mwingine angechimba mawe kwenye mwamba kwa jasho, lakini ya nini, na haya yapo tayari, yamepangwa mtoni? Katapila liliingia miezi minne iliyopita. Ngazi ya kwanza ikaenda, ya pili, ya tatu.

Jiwe namba arobaini na moja alilipata saa nane mchana. Hakulipata mtoni. Lilikuwa limelala kwenye changarawe mbele ya nyumba za mwanzo kule uwandani, chini kabisa ya daraja, rangi yake imekwanguka upande mmoja. Rula alirudi kupima. Kwa kawaida, masika yakiwa mazuri, jiwe kama lile husogea hatua kumi, kumi na mbili. Hili lilikuwa limesafiri hatua mia sita na thelathini. Na mvua yenyewe ilikuwa ile ya juzi, manyunyu yasiyojaza hata ndoo. Alisimama pale na kamba mkononi, na hofu ikamwingia.

Dada yake alikuwa anaponda kokoto chini ya kipande cha turubai, hatua chache kutoka hapo. Yeye ndiye aliyemlea Rula baada ya wazazi kufariki, na mpaka leo alimkagua kwanza ndipo amsalimie.

"Umelowa mpaka kiunoni, mdogo wangu. Ukiugua utamwita nani? Mawe yako?"

"Dada, hili lilikuwa ngazi ya tatu."

"Jiwe limetembea. Si ndiyo kazi yake hiyo?"

"Kwa mvua ya juzi."

Nyundo ikasimama. Dada mtu hakusoma shule, lakini alikaa kando ya mto ule miaka hamsini na tisa.

"Sema unachotaka kusema."

"Mhame. Wewe na wajukuu, na wengine wote hapa uwandani. Wameng'oa ngazi za chini. Maji sasa yanachimba kurudi juu, moja baada ya nyingine. Wakifika ya tisa..." Hakumaliza. Aligusa kwa mguu jabali alilokalia dada yake. "Hili unadhani liliota hapa? Uwanda wote huu uliletwa na mto. Uliwahi kushuka kabla hatujazaliwa, na ulishuka na haya."

Dada alilitazama lile jabali kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu wawili, mapacha, alioachiwa na binti yake marehemu.

"Watu hapa watasema unatutisha," alisema. "Watasema kuna mwenye pesa anautaka uwanda. Lakini mimi nakujua. Wewe ndiye unayeusoma mto, hao wengine wanauangalia tu. Siku utakaposimama mbele ya watu useme hapa hapakaliki, nitabeba godoro langu na watoto wangu niondoke. Wewe ukisema, imetosha."

Jioni ile ile alianza kufunga vyombo.

Kesho yake Rula alilifunga lile jiwe kwenye gunia, akaenda nalo ofisini. Mhandisi, mkuu wa ofisi ile, alimpokea vizuri mno, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu mashaka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na mikono safi. Rula alilitoa jiwe, akaliweka mezani. Lilikuwa bado na unyevu, na mafaili yakaanza kunywa maji.

"Liweke chini," alisema Mhandisi. "Kaa. Kiti hicho hapana, hicho cha kitambaa. Kaa hiki."

Rula aliketi kwenye kiti cha mbao, akaeleza. Hatua mia sita na thelathini. Tope la kwenye chupa limeongezeka mara nne. Kingo za juu zimeanza kupasuka, miti inainama. Mhandisi aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Nimekuelewa vizuri sana," alisema. "Na wewe sasa nielewe. Barabara hii ina tarehe. Tarehe ina wakubwa. Mimi mwenyewe ni mdogo hapa, unaniona niko ofisini lakini nami nina wa kuniita."

"Sikatai barabara, mkuu. Mawe wachukue kwingine."

"Kuna maneno huko uwandani. Watu wanafunga vyombo. Waandishi wa habari wakisikia, tumekwisha." Akafungua droo, akatoa karatasi mbili, akazilaza sambamba. "Jumamosi kuna mkutano. Kuna taarifa fupi ya kusomwa. Utaisoma wewe."

Rula aliisoma kimoyomoyo. *Kwa mujibu wa vipimo vya miaka kumi na tisa, mto uko katika hali yake ya kawaida, na wakazi hawana sababu yoyote ya kuhama.*

"Vipimo vyangu havisemi hivi."

"Vipimo si vyako. Ni vya ofisi. Wewe ni mkono tu unaoandika."

"Kwa nini usisome wewe, mkuu?"

"Nikisoma mimi watajua nimetumwa." Alitabasamu, na pengine hilo ndilo lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema siku hiyo. "Wewe wanakuamini."

Karatasi ya pili ilikuwa barua ya ajira ya kudumu. Jina lake kamili lilikuwa juu yake, lile ambalo hakuna aliyelitumia, limepigwa chapa bila kosa. Tusimwonee Rula kwa kumsafisha kupita kiasi: barua ile aliitamani. Mtu wa miaka hamsini na miwili, mgongo umeanza kulia, kila miezi mitatu anasimama mlangoni kuulizia kama bado anahitajika, akiona jina lake kwenye karatasi kama ile moyo unaruka wenyewe. Lakini barua haikumtosha. Alisema:

"Na ngazi ya tisa?"

"Ngazi ya tisa ndiyo ipi?"

Rula alimweleza. Mhandisi alifikiri, au alikaa kama anayefikiri.

"Sawa. Hiyo haitaguswa. Nakupa neno langu. Ukisoma taarifa, mimi nitaandika kwa mkandarasi aishie ya nane. Usiposoma, Jumatatu naweka msoma mto mwingine, kijana, asiyejua ngazi ya tisa wala ya tisini. Nani atailinda? Wakati mwingine, ndugu yangu, ni kufunika kombe mwanaharamu apite."

Hivyo ndivyo mnyonge anavyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Anapewa machaguo mawili, yote mawili ya mwenzake. Rula aliitia saini ile taarifa, akatoka, na jiwe akaliacha chini ya meza.

Jumamosi aliisoma. Sauti yake haikutetemeka, na baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa maneno yenyewe. Dada yake alikaa mstari wa mbele, mapacha wamemwegemea huku na huku. Rula alisoma akiwa ameitazama karatasi tu, ingawa ilikuwa mistari minne na alikuwa ameshaikariri. Watu walipiga makofi. Wengine walimwinua begani. Ilikuwa kama mzigo umewatoka, na walikuwa wanamshukuru aliyewatua.

Watu walipotawanyika dada alimjia.

"Umesema kweli?"

"Nimesema, dada."

"Basi."

Alipopita nyumbani kwake kesho yake, godoro lilikuwa limefunguliwa kamba na kurudishwa kitandani, na dada alikuwa juani anaosha vyombo vilivyokuwa vimefungwa.

Siku kumi na moja zilipita kabla Rula hajapata nafasi ya kupanda, maana ofisi ilimpa kazi ya kunakili madaftari ya zamani, ofisini, kwenye meza. Barua yake ilikuja. Ilikuwa na ukurasa wa pili aliokuwa hajauona siku ile, na ukurasa huo ulisema kwamba atakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu. Majaribio, baada ya miaka kumi na tisa! Alicheka peke yake mpaka karani akamtazama.

Siku ya kumi na mbili alipanda kabla hata ya kusoma ubao. Aliisikia ngazi ya tisa kabla hajaiona, au tuseme hakuisikia. Pale ambapo maji yalikuwa yakiruka kwa kishindo, yalikuwa yanateleza tu. Jabali la kati lilikuwa limeondoka na wenzake wawili wamelifuata. Mto ulikuwa umechimba mfereji katikati ya ile changarawe ya enzi, na kuta za mfereji zilikuwa zinabomoka akiwa anazitazama, kipande baada ya kipande, bila haraka. Juu zaidi, ubavu wa mlima ulikuwa na ufa ambao angeweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Dereva wa katapila alikuwa anakula kivulini.

"Nani kakwambia ung'oe hili?"

"Mzee wangu, mimi nimeonyeshwa kwa kidole. Kule chini makubwa yamekwisha." Akamkaribisha kipande cha mkate. "Kwani lilikuwa la kwako?"

Rula alimpigia simu Mhandisi palepale. Mara ya tano ikapokewa.

"Mkuu, uliniahidi."

"Niliandika barua. Mkandarasi anasema haikumfikia. Tutafuatilia."

"Hakuna muda wa kufuatilia. Nateremka kuwaambia watu waondoke."

Halafu ile sauti ya chini:

"Uwaambie nini? Kwamba ulisimama mbele yao ukawadanganya? Mimi sikusoma kitu, ndugu yangu. Jina ni lako, saini ni yako. Likitokea la kutokea, ataitwa aliyesema mto ni salama. Fikiri vizuri. Una kazi sasa."

Na Rula alifikiri. Hilo ndilo lililomtafuna. Alirudi kibandani kwake, akakaa na lile wazo siku hiyo nzima na siku ya pili yake, akipanga maneno, akiyapangua, huku mvua imekaza kule juu na wingu limeukalia mlima.

Siku ya tatu asubuhi alienda kusoma ubao. Mvua ilikuwa inanyesha. Alifuta alama kwa kiganja, akasoma, akafuta tena. Maji yalikuwa yameshuka. Yalikuwa chini ya alama ya kiangazi kikali. Akiwa bado ameinama yalishuka tena, mawe yakatoa migongo, na mto ukanyamaza. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuisikia saa yake ya mkononi akiwa pale darajani. Sasa aliisikia.

Alijua. Mvua hainyeshi maji yakapungua, ila kama huko juu kuna kitu kimeyaziba. Ubavu wa mlima ulikuwa umeanguka bondeni, na nyuma yake maji yalikuwa yanajaa.

Alikimbia. Buti lililochanika likamtoka, akaliacha.

Uwandani alikuta nyumba tupu, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulifurahi. Kisha akasikia vicheko. Walikuwa mtoni. Desturi ya waponda kokoto ilikuwa hiyo: maji yakishuka, kila mtu na karai lake, maana changarawe mpya iliyokwisha kuoshwa inalala wazi, haihitaji nyundo, na wa kwanza kufika ndiye mwenye mahali. Wanawake arobaini walikuwa wametapakaa kitandani mwa mto, wengine na watoto migongoni. Malori matatu ya mkandarasi yalingoja ukingoni. Dada yake alikuwa katikati kabisa, amejaza lundo la kufika magotini.

"Tokeni! Tokeni mtoni!"

"Rula leo kaamka na nini?" mmoja alisema.

"Tokeni, mlima umeziba bonde! Mto unakuja!"

"Mto uko katika hali yake ya kawaida," mwanamke mwingine akajibu, kwa sauti nzito ya kumwigiza, na wenzake wakadaka kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza: "na wakazi hawana sababu yoyote ya kuhama!" Walicheka mpaka karai moja likaanguka. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanampenda.

Rula alimfikia dada yake, akamshika mkono.

"Dada, siku ile nilidanganya."

Dada aliacha kucheka. Wajukuu wake walikuwa hatua mbili nyuma yake, wanachagua vijiwe vyeupe.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara moja tu, sikukuuliza mara mbili."

"Nilipewa barua. Waliniahidi na ngazi ya tisa. Dada, tafadhali, tutagombana tukifika juu."

Dada alimtazama usoni, yule aliyemwogesha na kumlisha, akitafuta kitu na asikipate.

"Siku ile ulitumwa," alisema. "Leo umetumwa na nani?"

Rula alimvuta mkono. Miaka kumi na tisa ya vipimo, na hakuwa na neno hata moja ambalo lilikuwa bado zima.

Msimamizi wa malori alishateremka. "Mzee, unaharibu kazi. Anayeacha lundo lake sasa asirudi kulidai, jamani, nawaambia mapema!" Vijana wawili walimkamata Rula, mmoja kila bega, wakampandisha ukingoni huku anapiga mateke kwa mguu ulio mtupu, wakamsukumia ndani ya lori la kwanza, mdomo ukagonga chuma, wakafunga mlango kwa nje. "Mwangalie huyu mpaka polisi waje," msimamizi alimwambia dereva. "Ni mchochezi."

Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye haya. Alimpa kitambaa ajifute damu mdomoni. Injini ilikuwa inanguruma, lori zima linatetemeka.

"Zima injini," Rula alimwambia. "Nakuomba, ndugu yangu. Zima kidogo tu, niusikilize mto."

"Nikizima haiwaki tena. Betri imekufa. Wiki ya tatu nawaambia."

Kioo kilikuwa kimejaa matone. Rula alikifuta kwa mkono wa shati. Kule chini wanawake walikuwa wamesogea kwenda juu, kuelekea bondeni, kwa kuwa huko changarawe ilikuwa safi zaidi. Dada yake alibaki peke yake kwenye lundo lake. Alinyanyuka. Akageuza uso kuutazama mlima, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina na hana hakika. Akakaa hivyo. Rula alipiga kioo kwa ngumi mbili, akaita, na ndani ya lori hakusikia hata sauti yake mwenyewe.

Msimamizi alinyoosha mkono kumwonyesha lori linalongoja kujazwa. Dada yake aliwatazama wajukuu, akalitazama lundo. Halafu akainama, akajaza karai.